Modeli na Iulizwe Chala

Kwa zaidi ya miaka 20 dunia imekuwa ikiuliza jambo moja kuhusu Kilimanjaro: theluji itakwisha lini? Swali hilo liliingia hadi kwenye filamu ya Al Gore ya mwaka 2006, na mgeni anayeshuka uwanja wa KIA huja nalo mdomoni. Wanaoishi chini ya mlima wana swali lao, kongwe kuliko hilo: mvua za masika zitakuja lini, na zitatosha? Analiuliza mwenye kihamba cha migomba na kahawa kule Kibosho, analiuliza mwenye jaruba la mpunga Moshi ya chini, analiuliza mfugaji wa tambarare za Rombo. Maswali haya mawili hayana uzito mmoja. Nitashika la pili, kwa sababu ndilo linaloamua maji ya watu, na ndilo linalozishinda zaidi kompyuta kubwa za dunia.

Tufanye hesabu ndogo. Barafu yote ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ilipopimwa mwaka 2011 ilikuwa na eneo la kilomita za mraba 1.76. Tuchukulie kwamba kila mwaka inapoteza unene wa mita moja, na kwamba maji yote hayo yanateremka bondeni. Hayateremki yote, maana sehemu kubwa ya barafu hiyo hupotelea hewani bila kugeuka maji kwanza. Lakini tuchukulie hivyo. Tungepata mita za ujazo milioni 1.6 hivi kwa mwaka. Sasa ingia msituni, upande wa kusini, kwenye mwinuko wa mita 2,000 na kidogo, ambako mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Kilomita moja tu ya mraba ya msitu huo hupokea mita za ujazo milioni 2. Na msitu wa mlima kwa jumla una karibu kilomita za mraba 1,000, hata kama si kila sehemu yake inabahatika kupata mvua hiyo. Chemchemi zetu, mito yetu na mifongo ya Wachaga, yaani mifereji yao ya asili, ni watoto wa mvua na msitu. Theluji ni fahari na utambulisho, na kuipoteza ni msiba. Ila kiu ya Moshi haitatokana nayo.

Kwa hiyo kila kitu kinarudi kwenye mvua, na hapo ndipo ugumu unapoanza. Modeli nyingi zinazotumika katika ripoti za jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, IPCC, zinasema Afrika Mashariki itapata mvua zaidi kadiri dunia inavyopata joto katika karne hii. Vipimo vya ardhini vimeonyesha kingine: tangu miaka ya 1980 hadi miaka ya 2010 mvua za masika zilipungua katika sehemu kubwa ya ukanda wetu, ijapokuwa ilitokea pia miaka ya mafuriko kama 2018 na 2024. Wataalamu wamelipa jambo hili jina la kitendawili cha tabianchi ya Afrika Mashariki. Kasoro mojawapo inafahamika vizuri: modeli nyingi hujaza mvua mno katika vuli na kuipunguza mno katika masika, yaani hukosea hata kalenda ambayo mtoto wa shule ya msingi anaijua. Modeli ikishindwa kueleza mwaka tulioishi, tutaipaje dhamana ya kutupangia mwaka 2080?

Njia mojawapo ya kuipima ni kuirudisha nyuma. Mwanafunzi wa kidato cha nne hujinoa kwa mitihani ya miaka iliyopita, kwa sababu majibu yake yapo. Modeli nayo hupewa dunia ya miaka 6,000 iliyopita, au ya miaka 21,000 iliyopita wakati wa enzi ya barafu, ikaachwa ikokotoe mvua na joto la wakati huo; kisha jibu lake linawekwa kando ya ushahidi uliohifadhiwa kwenye barafu, kwenye tope la maziwa na kwenye magamba ya viumbe wa bahari. Kazi hii ina mradi wake wa kimataifa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, ambapo vituo mbalimbali huendesha modeli zao juu ya dunia ileile ya kale na kulinganisha matokeo. Na katika ukanda wa tropiki ni sehemu chache zenye ushahidi wa kulinganishia kama huu wetu, unaoanzia kilele cha Kibo na kushuka hadi ufukwe wa Kilwa na Lindi.

Modeli yenyewe ni programu inayokata angahewa na bahari katika visanduku, halafu katika kila kisanduku inakokotoa hatua kwa hatua joto, upepo, unyevu, chumvi ya bahari na mionzi ya jua, kwa kufuata kanuni za fizikia. Syukuro Manabe, aliyejenga baadhi ya modeli za mwanzo nchini Marekani katika miaka ya 1960, alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2021 kwa kazi hiyo. Kinachotuhusu sisi ni ukubwa wa kisanduku. Katika modeli za dunia nzima, upande mmoja wa kisanduku huwa na urefu wa kilomita 100 hivi. Mlima wetu wote, kutoka Siha hadi Rombo na kutoka Moshi hadi Loitokitok, unaweza kumezwa na kisanduku kimoja. Mita 5,895 za Kibo zinachanganywa na nyanda za pembeni zikatoka wastani, na wastani huo ni kilima cha kawaida kisichoweza kuzuia mawingu ya kutoka baharini. Moshi mjini na Kibosho zinapewa mvua moja. Yeyote aliyepanda daladala kutoka stendi ya Moshi kwenda Kibosho anajua umbali huo unavyotosha kutoka kwenye vumbi na jua kali hadi kwenye manyunyu na ukungu. Kwa modeli ya dunia nzima, safari hiyo haipo.

Katika ushahidi wa kale, nianze na barafu, kwa kuwa ndiko umaarufu ulikoanzia. Mwanzoni mwa mwaka 2000 timu ya Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Ohio State ilichimba barafu ya Kibo na kutoa nguzo sita, ndefu kuliko zote ikikaribia mita 51. Matokeo yalichapishwa Oktoba 2002: barafu ya chini kabisa ilikadiriwa kuwa na miaka 11,700, ndani yake mkaonekana dalili za vipindi vya ukame mkali miaka 8,300, 5,200 na 4,000 hivi iliyopita, na tabaka la vumbi la kipindi hicho cha mwisho lilionekana hata kwa macho. Katika makala hiyohiyo waliandika kwamba, mambo yakiendelea vile, barafu iliyobaki ingetoweka kati ya 2015 na 2020.

Namba hizo mbili, umri na tarehe ya kutoweka, zilisambaa dunia nzima, na zote mbili zilistahili kuulizwa zimepatikanaje. Barafu ya Kibo haina matabaka yanayohesabika mwaka kwa mwaka hadi chini. Karibu na juu watafiti walipata alama ya klorini-36 iliyoletwa na majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950, na hiyo ni tarehe ya kuaminika. Huko chini walilinganisha isotopu za oksijeni za barafu, yaani aina za oksijeni zinazotofautiana kwa uzito, na zile za mawe ya pango la Soreq nchini Israeli, wakisaidiwa na hesabu ya jinsi barafu inavyobanwa na uzito wake yenyewe. Umri wa miaka 11,700 kwa hiyo umesimama juu ya dhana kwamba Kibo na pango lililo maelfu ya kilomita kaskazini zilipita katika mabadiliko yaleyale kwa pamoja. Ni dhana yenye hoja, lakini ni dhana. Mwaka 2010 Georg Kaser wa Innsbruck na wenzake walileta hoja tofauti: barafu tambarare, nyembamba, yenye kuta wima pembeni, haina maisha marefu kwa maumbile yake, na huenda imewahi kutoweka na kujijenga upya zaidi ya mara moja katika kipindi hicho. Kwangu mimi hoja hii ina nguvu kwa sababu inaanzia kwenye umbo la barafu linaloonekana.

Kuhusu tarehe ya kutoweka, kosa lilikuwa la njia. Eneo la barafu lilikuwa limepungua kutoka kilomita za mraba 12 hivi mwaka 1912, kwa ramani ya Klute na Oehler, hadi 2.6 mwaka 2000. Ukivuta mstari ulionyooka kupitia namba hizo, unafika sifuri mwanzoni mwa miaka ya 2020. Barafu haifuati rula. Nicolas Cullen na wenzake walipochora upya ramani zote za karne nzima, makala yao ya 2013 ilisema sehemu kubwa itakuwa imekwisha kufikia 2040, na kwamba hakuna barafu yoyote inayotarajiwa kuvuka 2060.

Kazi ya kimodeli iliyo bora kuliko zote juu ya mlima huu, kwa maoni yangu, ni ile isiyopata umaarufu. Februari 2000 Douglas Hardy wa Chuo Kikuu cha Massachusetts alisimamisha kituo cha kupima hali ya hewa juu ya barafu ya kaskazini, nacho kikaanza kurekodi mionzi, joto, unyevu, upepo na kimo cha theluji. Mtafiti Thomas Mölg alivitumia vipimo hivyo katika modeli ndogo inayofuatilia nishati tu: ngapi inaingia kwenye uso wa barafu, ngapi inarudishwa, na iliyobaki inafanya kazi gani. Kule juu wastani wa joto la hewa ni nyuzi 7 hivi chini ya sifuri. Katika baridi hiyo kavu, uso wa juu wa barafu hugeuka mvuke moja kwa moja, na kuigeuza barafu mvuke kunataka nishati zaidi ya mara nane ya ile ya kuiyeyusha tu. Ndiyo maana theluji mpya ni muhimu kupita kiasi: ikianguka nyeupe, inarudisha mwanga mwingi angani na barafu iliyo chini inasalimika, isipoanguka, uso mchafu unafyonza jua. Modeli ilionyesha kwamba barafu ya Kibo inadhurika zaidi na upungufu wa mawingu, unyevu na theluji kuliko na joto la hewa peke yake. Hii inakubaliana na kumbukumbu za karne ya 19: maziwa ya Afrika Mashariki yalikuwa yamejaa, kisha karibu na mwaka 1880 ukanda wote ukaingia katika ukavu, kabla Hans Meyer hajafika kileleni mwaka 1889.

Wapo walioshika matokeo hayo na kutangaza kwamba ongezeko la joto la dunia halihusiki. Huo ni upotoshaji. Unyevu unaofika Kibo hutoka Bahari ya Hindi, na bahari hiyo ndiyo inayopata joto. Mkono wa binadamu unaweza kuifikia barafu kwa njia ndefu inayopita baharini.

Kuna jaribio moja zaidi ambalo lingepaswa kusomwa katika kila mkutano wa kijiji mlimani. Kwa miaka mingi wananchi wa mteremkoni wameambiwa kwamba theluji inaisha kwa sababu wao wanakata miti. Mwaka 2012 Mölg na wenzake waliendesha modeli yenye visanduku vidogo kiasi cha kuuona mlima kama mlima, mara moja ikiwa na misitu ya miongo ya nyuma na mara nyingine ikiwa na misitu iliyopungua, wakapima tofauti kwenye barafu. Mchango wa ukataji miti ulikuwa mdogo. Msitu una sababu zake za kulindwa, nazo ni nzito: Andreas Hemp, aliyeutafiti mlima huu kwa miongo kadhaa, ameonyesha jinsi moto ulivyoteremsha mpaka wa juu wa msitu kwa mamia ya mita, na jinsi hasara hiyo ya maji ya ukungu na mvua inavyoizidi kwa mbali hasara ya barafu. Mioto ya Oktoba 2020 na Oktoba 2022 iliunguza ukanda huohuo wa juu. Basi mama wa Marangu anayeokota kuni alindiwe heshima yake. Lawama ya theluji si yake.

Sasa Chala. Ziwa hili liko upande wa mashariki wa mlima, si mbali na Holili, na mpaka wa Tanzania na Kenya unalikata katikati. Ni kasoko ya volkano yenye kuta za mwinuko mkali, na kina chake kinapita mita 90. Hakuna mto wa maana unaoingia wala unaotoka. Sehemu kubwa ya maji yake hupenya chini kwa chini kutoka mvua iliyonyesha kwenye misitu ya Kilimanjaro, jambo lililoonyeshwa kwa kupima isotopu za maji yake tangu miaka ya 1960. Kwa hiyo Chala ni kipimo cha mvua cha mlima, kilichowekwa hapo na volkano.

Tazama kinachotokea humo ndani kwa mwaka mmoja. Kuanzia Juni, kiangazi cha baridi kinapoingia na upepo wa kusi kuvuma, maji ya juu hupoa na kuchanganyika na ya chini, na virutubisho vilivyokuwa vimelala kina kirefu huibuka. Daiatomu, mimea midogo isiyoonekana kwa jicho yenye ganda la silika, hustawi kwa wingi, hufa, na kuanguka chini kama unga mweupe. Mvua zikirudi na joto likipanda, mchanganyiko husimama, na kinachoshuka ni mabaki meusi ya viumbe na chokaa. Sakafu ya ziwa haina oksijeni, kwa hiyo hakuna mnyoo wala mdudu wa kuvuruga kilichotua. Mstari mweupe, mstari mweusi: mwaka umekwisha, na unene wake ni karibu milimita moja. Mwaka wa La Nina, ulio mkavu na wenye upepo mwingi, huacha mstari mnene. Mwaka wa El Nino, kama ule wa 1997 ambao kila mtu mzima anaukumbuka kwa mvua zake, huacha mwembamba.

Christian Wolff na wenzake waliipima mistari hiyo moja moja, na mwaka 2011 wakaonyesha kwamba wakati wa enzi ya barafu, miaka 20,000 hivi iliyopita, tofauti kati ya mwaka na mwaka ilikuwa ndogo kuliko ya miaka 3,000 iliyopita. Dunia baridi ilikuwa na mvua tulivu, ingawa kidogo. Modeli iliyoendeshwa sambamba ilitoa jibu lilelile: bahari ikipoa, mabadiliko ya mvua hutulia, na ikipata joto, mabadiliko huongezeka. Kwa mkulima jambo hili lina uzito kuliko wastani wowote. Migomba haiuawi na wastani. Inauawa na miaka miwili mibaya iliyofuatana.

Utafiti mwingine, ulioongozwa na Dirk Verschuren wa Chuo Kikuu cha Ghent na kuchapishwa 2009, ulitazama miaka 25,000 ya ziwa hili na kukuta mdundo wa miaka 11,500 hivi. Ili kuuelewa inabidi turudi kwa John Kutzbach wa Wisconsin. Mwaka 1981 yeye aliipa modeli mpangilio wa jua na dunia wa miaka 9,000 iliyopita, wakati ambapo majira ya joto ya kaskazini yalipata jua zaidi kwa asilimia 7 hivi, na modeli ikaleta pepo za msimu zenye nguvu na mvua nyingi Afrika Kaskazini. Sahara ilikuwa na majani na maziwa wakati huo. Kwa mara ya kwanza hesabu ilieleza kwa nini. Mpangilio huo hubadilika kwa kuyumba kwa mhimili wa dunia, kwenye mzunguko wa miaka 23,000 hivi. Chala, kwa kuwa karibu na ikweta, hupokea unyevu wa misimu yote miwili, ya kaskazini na ya kusini, hivyo mzunguko mmoja huigusa mara mbili. Hadi leo modeli nyingi hazijafikia kiasi cha mvua kilichohitajika kuotesha majani Sahara, na hilo linatuambia kwamba mimea, vumbi na udongo, ambavyo vingi havikuwekwa sawasawa kwenye programu hizo, vina nguvu kuliko ilivyodhaniwa.

Novemba 2016 mashine ya kuchimba iliwekwa juu ya maji ya Chala katika mradi wa kimataifa wa DeepCHALLA, na tope likatolewa hadi mita 215 chini ya sakafu ya ziwa. Ni miaka 250,000 hivi ya hali ya hewa ya Kilimanjaro. Kutoka kwenye tope la ziwa hili, Allix Baxter na wenzake mwaka 2023 walichapisha historia ya miaka 75,000 ya joto na unyevu, iliyosomwa kwa mafuta ya vijidudu ambayo muundo wake hubadilika kulingana na joto. Walichokikuta kinagonga moja kwa moja kitendawili chetu. Katika nyakati za baridi za zamani, joto lilipopanda unyevu nao ulipanda, kama modeli zinavyotarajia. Lakini katika kipindi hiki chenye joto, cha takriban miaka 11,700 ya mwisho, uhusiano huo uligeuka: joto zaidi likaja na ukavu zaidi. Inaelekea kuna kizingiti ambacho kikivukwa, mvuke unaopotea kutoka ardhini na majani unaishinda mvua inayoongezwa na hewa yenye joto. Tope la bahari la Ghuba ya Aden, lililochunguzwa na Jessica Tierney na wenzake mwaka 2015, nalo linaonyesha kwamba kukauka kwa Pembe ya Afrika katika karne ya 20 kulikwenda sambamba na kuongezeka kwa joto. Mashahidi wawili wasiofahamiana wanasema jambo moja, na modeli inasema lingine. Mimi, kwa mambo ya kupanga maji ya Moshi, nawasikiliza mashahidi.

Hata hivyo si kila mara tope ndilo linaloshinda, na mfano mzuri kuliko yote uko pwani yetu ya kusini. Mvua huzaliwa baharini, kwa hiyo kemia ya bahari ya kale ni sehemu ya swali la masika. Matumbawe ya Malindi yamehifadhi joto la bahari kwa miaka 194 katika isotopu za oksijeni za matabaka yake ya kila mwaka, na Julia Cole na wenzake mwaka 2000 walionyesha kwamba joto hilo hupanda na kushuka likiifuata Pasifiki ya mbali. Matumbawe mengine ya hapohapo yamehifadhi bariamu iliyoletwa na tope la mto Sabaki, ikiongezeka tangu mwanzoni mwa karne ya 20, ukoloni ulipobadilisha matumizi ya ardhi ya bara. Hiyo ni miaka mia chache. Kilwa na Lindi zinakwenda mamilioni.

Katika miaka ya 2000 mradi wa kuchoronga mashapo ya Tanzania, ulioongozwa na Paul Pearson akishirikiana na wataalamu wa Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, TPDC, akiwemo Joyce Singano, ulitoa udongo wa mfinyanzi wa bahari ya kale kutoka matabaka yenye majina tunayoyafahamu: Nangurukuru, Kivinje, Masoko, Pande. Ndani yake mna magamba ya foraminifera, viumbe wadogo kama chembe ya mchanga. Sehemu nyingi za dunia magamba hayo yamegeuzwa na maji ya sakafu ya bahari hadi kemia yake ya asili imechanganyika na ya baadaye. Udongo mzito wa Kilwa haukupitisha maji, na magamba yake bado yanang'aa kama kioo.

Umuhimu wa magamba ya Tanzania ulionekana mapema, mwaka 2001. Kwa muda mrefu magamba ya sehemu nyingine yalikuwa yakisema kwamba bahari ya tropiki, katika enzi ya Eosini miaka milioni 50 hivi iliyopita, ilikuwa baridi kuliko ya leo, wakati ambapo Aktiki ilikuwa na jamaa za mamba na za michikichi. Modeli zilikataa katakata. Hazikuweza kupata dunia yenye hewa ukaa nyingi, ncha za joto na tropiki ya baridi. Magamba ya Tanzania yalionyesha tropiki yenye joto. Modeli zilikuwa sahihi, na ushahidi wa awali ulikuwa umesomwa kwenye magamba yaliyoharibika.

Mwaka 2009 Pearson, Gavin Foster na Bridget Wade walikwenda mbali zaidi. Boroni katika maji ya bahari huwa katika maumbo mawili, na uwiano wake hutegemea uasidi wa maji. Kiumbe anapojenga gamba huchukua umbo moja, kwa hiyo isotopu za boroni ndani ya gamba hutunza uasidi wa siku hiyo, na uasidi huelekeza kwenye kiasi cha hewa ukaa iliyokuwa angani. Walitazama kipindi cha miaka milioni 34 hivi iliyopita, barafu ya Antaktika ilipoanza. Miaka sita kabla yao, Robert DeConto na David Pollard walikuwa wameendesha modeli iliyosema barafu hiyo ingeanza ghafla hewa ukaa ikishuka hadi karibu sehemu 750 kwa milioni, na kwamba ikishajengeka ingestahimili hata hewa ukaa ikipanda tena kiasi. Magamba ya Lindi na Kilwa yalionyesha hewa ukaa ikishuka karibu na kiwango hicho, kisha ikipanda, na barafu ikibaki. Hewa ya leo imepita sehemu 420, ikipanda. Sijui mahali pengi ambapo udongo wa kijiji umeweza kuthibitisha hesabu ya kompyuta kwa usahihi wa namna hiyo.

Nguzo za barafu za Kibo zimehifadhiwa kwenye majokofu ya Columbus, Ohio, na hesabu nyingi nilizozitaja zimefanywa Innsbruck, Ghent, Potsdam na Marekani. Sina ugomvi na wageni waliofanya kazi hiyo kwa uaminifu. Wapagazi wetu waliibeba barafu hiyo mgongoni, na vibali vyetu viliiruhusu. Ugomvi wangu ni na mpangilio ambamo anayechagua swali yuko mbali na anayekosa maji. Mwenye kuuliza akiwa mbali, ataulizia theluji. Tunao Chuo cha Nelson Mandela pale Arusha, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mamlaka ya Hali ya Hewa, na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani yenye makao yake hapa Moshi, ambayo ndiyo inayogawa maji kati ya mifongo ya juu, mashamba ya miwa ya TPC, bwawa la Nyumba ya Mungu na mitambo ya umeme ya chini.

Idara ya hali ya hewa ya Uingereza imeshajenga modeli ya Afrika nzima yenye visanduku vya kilomita 4.5, vidogo kiasi cha kuruhusu radi na wingu la mvua kujengeka ndani ya hesabu badala ya kukadiriwa kutoka nje. Katika kisanduku cha namna hiyo Kilimanjaro ni mlima, na Kibosho si Moshi. Ilijengwa kwa ajili ya miaka ya karibuni na ya mwisho wa karne hii. Kabla Bodi ya Pangani haijaweka namba yoyote ya mvua ya 2050 kwenye mpango wake, ningetaka modeli ya aina hiyo ipewe miaka 6,000 iliyopita na miaka 21,000 iliyopita, na matokeo yake yawekwe kando ya mistari ya Chala na vijana wa Arusha na Dar es Salaam. Ikishindwa kutoa unyevu uliopungua joto lilipopanda, namba zake za masika zisitumike kuamua nani apate maji.

Na kwa miaka ya karibuni, ambako tope la ziwa halitoshi, mvua ya mteremkoni ilipimwa kwa mikono: kwenye mashamba, kwenye misheni, kwenye vituo vya kilimo kama kile cha utafiti wa kahawa cha Lyamungu kilichoanzishwa mwaka 1934. Madaftari ya namna hiyo, yenye milimita za kila asubuhi kwa wino, yatafutwe yalipo na kuingizwa kwenye kompyuta sasa, kabla mchwa hawajayafikia.